Mvi za Kigori

Alhamisi ya mwisho wa mwezi, jua likielekea kuzama, Kigori alifunika cherehani yake, akatema pini alizokuwa amezibana midomoni, akachukua kitana na kukifunga ndani ya leso. Hakukiosha. Ndivyo alivyoagizwa. Akamwambia mjukuu wake abaki kwa jirani amalizie hesabu za shule, akavaa kandambili, akashika njia kwenda kupaka nywele rangi.

Sasa tuelewane. Kigori hakuwa kigori hata kidogo. Alikuwa mjane wa miaka sitini na mbili, fundi wa sare za shule, na magoti yake yalilalamika kila alipokanyaga pedali. Jina hilo mashoga zake walimbandika kwa kumkomoa, maana wao wote walishaota mvi, yeye kichwa chake kilikuwa cheusi tii. Walidhani ataudhika. Wapi! Akiitwa "Kigori!" sokoni, aligeuka kwa mbwembwe zote. Simlaumu sana. Nani hapendi kuambiwa bado yumo?

Ila huyu alizidi.

Aliyempaka rangi aliitwa Mama Glavu. Hakuwa na saluni yenye kioo na redio. Alikuwa na chumba kimoja nyuma ya duka la misumari, unakifikia kwa kupita ujia mwembamba wenye mfereji wa maji machafu. Kabla hujauona mlango, pua ilishafika. Ilikuwa harufu ya nyama iliyosahaulika ndani ya sufuria yenye kifuniko. Wateja waliizoea. Ukitaka jambo unazoea mengi.

Kwenye benchi la nje alikuwapo mama mmoja aliyejitanda mtandio mpaka puani. Kigori alimsalimu, hakuitikia. Kigori akaona viatu vyake tu, vya njano, vyenye bizimu pembeni, na mkononi kitana kidogo cha buluu kilichozungushiwa karatasi. Hakumshangaa. Hapo hakuna aliyetaka kuonekana.

"Kigori," sauti ikanong'ona kutoka ndani. "Pita."

Mama Glavu alinong'ona siku zote. Na siku zote alivaa glavu nyeusi za mpira zinazofika viwikoni. Alikunywa chai nazo. Alijikuna pua nazo. Watu walisema aliwahi kuungua kwa dawa, basi wakaishia hapo.

"Umekuja nacho?"

"Ninacho."

"Hukukiosha?"

"Toka lini nimekiosha, Mama Glavu?"

Mama Glavu alikipokea kile kitana, akanyofoa nywele zilizonasa kwenye meno yake, akazifinyanga kuwa kidonge, akazitumbukiza kwenye kibakuli cha rangi. Kibakuli hicho hakikuwahi kuoshwa wala kuisha. Juu yake kulikuwa na utando, kama wa uji uliopoa. Aliutoboa kwa kidole, akakoroga. Kitu kikabubujika chini... blup... halafu kikatulia. Akachovya brashi, akailamba ncha, akaimumunya huku amefumba macho. Akatemea mate kibakulini, akakoroga tena.

"Tamu," akanong'ona. "Nywele changa hizi."

Kigori aligeuzia uso ukutani. Akafumba macho, akavumilia. Rangi ilipomgusa utosini ilikuwa na uvuguvugu.

Na hapa niseme ukweli ambao Kigori mwenyewe alikuwa anauzunguka. Kitana kile hakikuwa chake. Miezi mitano nyuma rangi ilianza kugoma. Akipaka leo, wiki ijayo mvi zinachungulia. Alipolalamika, Mama Glavu alimjibu, "Kitana chako kimekauka. Huna mtoto nyumbani?" Mtoto alikuwapo, mjukuu wake wa miaka minane, aliyeachwa na mama yake aliyekwenda kufanya kazi mji mwingine. Mtoto alikuwa na kitana chake cha waridi, kimevunjika jino moja. Basi kila mwisho wa mwezi Kigori alikitoa kwenye mkoba wa shule na kukirudisha kabla mwenyewe hajagundua. Hakuuliza kinatumika kwa nini. Hakutaka kujibiwa.

Jumatatu asubuhi alimkalisha mjukuu kwenye kigoda amsuke.

"Njoo hapa, mke mwenzangu. Mume wetu kafariki lakini urembo hatuachi."

Mtoto hakucheka. Kwa kawaida utani huo ulimfanya ajinyongenyonge kwa kicheko. "Bibi, magoti yananiuma," alisema.

"Magoti? Wewe? Hayo niachie mimi, ndiyo mahari yangu."

"Yananiuma nikipanda ngazi za shule. Mwalimu kaniambia nikae."

Kigori aligawa nywele nyuma ya kichwa. Mkono ukasimama.

Kisogoni palikuwa na kiraka, upana wa kiganja cha mtoto. Nywele zake zilikuwa nyeupe kabisa. Na ngozi yake, Mungu wangu, ngozi yake ilikuwa imekunjamana, ina madoa ya kahawia, imelegea. Aliigusa kwa kidole ikasogea juu ya fupa. Ilikuwa ngozi ya kichwa cha ajuza. Akainama karibu.

Ikamjia ile harufu ya sufuria.

Alimpeleka zahanati. Muuguzi alisema ni upungufu wa vitamini, akampa vidonge vyekundu. Kigori alivipokea na kushukuru, lakini moyoni alishajua. Usiku kucha alihesabu watu waliowahi kuchania kitana chake cha zamani, kile kilichokaa miaka kumi kwenye rafu ya bafuni, kila mtu akijichukulia. Marehemu mumewe aliota mvi ndani ya mwaka mmoja, kichwa, ndevu mpaka nyusi, akaanza kutembea kwa kushika ukuta, akafa na miaka hamsini na tano. Binti yake alianza kuwa mweupe kichwani na miaka thelathini, analalamika mgongo kila siku. Alipohama na kununua kitana chake, akapona. Na hapo ndipo rangi ya Kigori ilipoanza kugoma.

Watu wawili. Naye alikuwa anageuka sokoni kwa mbwembwe.

Aliamua kuacha. Akachoma kitana cha waridi kwenye jiko, kikanuka mpaka jirani akauliza kulikoni. Akasema, mvi na ziote, niitwe bibi kizee, niitwe chochote, mradi mtoto apone. Alhamisi ya mwisho wa mwezi uliofuata hakwenda. Na ya mwezi wa pili yake hakwenda. Alijitazama kwenye kioo kila asubuhi akisubiri mizizi ianze kuwa myeupe, kama inavyokuwa kwa watu wote walioacha rangi.

Haikuwa myeupe.

Kichwa kilimtoka vipele. Vilikuwa vidogo, vigumu, vyenye kichwa cheusi. Alipoviminya vilitoa uji mweusi mzito uliomganda chini ya kucha na kunuka hata baada ya kunawa mara tatu kwa sabuni ya kufulia. Mto wake uligeuka mweusi. Halafu nywele zikaanza kuonekana mahali pasipo pake. Alikuta moja ndani ya mkate, imepita katikati kama uzi. Alikuta nyingine imejiviringa chini ya ulimi, akaivuta, ikaja, ikaja, ikaja... mpaka akasikia inamtekenya kooni. Alitapika kwenye karai. Katika matapishi zilikuwamo nyingi, laini, fupi. Zilikuwa za mtoto.

Na kile kiraka cha mjukuu hakikurudi nyuma. Kilipanda mpaka utosini. Siku mtoto alipong'oka jino la mbele, Kigori alimtazama mdomoni akitarajia kuona jipya linachomoza. Ufizi ulikuwa mtupu, umesinyaa.

"Bibi, mimi nazeeka?" mtoto aliuliza.

Kigori alijifunga kitenge kwa nguvu, akatoka. Jua lilikuwa linazama.

Benchi lilikuwa tupu. Mlango ulikuwa wazi. Mama Glavu alikaa peke yake mbele ya kibakuli, anakoroga.

"Nimekuja kuacha," Kigori alisema.

"Kuacha nini?"

"Rangi. Mvi zangu nazitaka."

Mama Glavu alicheka kwa pua. "Unazitaka. Miaka kumi na moja unaniletea mimi, leo unazitaka. Ulidhani ziliyeyuka?"

"Mtoto anakufa, Mama Glavu. Nakuomba. Nitakupigia magoti."

"Magoti gani hayo uliyonayo?" Akaweka brashi chini. "Funga mlango."

Kigori akafunga. Mama Glavu akaanza kuvua glavu.

Mpira ulibanduka taratibu, ukitoa sauti ya kunyonya... chwaa... na maji ya manjano yakamwagika kutoka ndani yakatapakaa sakafuni. Halafu mkono ukatoka.

Nywele.

Ziliota viganjani. Ziliota katikati ya vidole na chini ya kucha, nyeupe na za kijivu, ndefu, zimelowa, zimejikunja juu ya zenyewe kama tambara la kudekia. Magamba ya ngozi yaliyokufa yalikuwa yameganda humo, na kitu kidogo kilitembea. Zilifungwa mafungumafungu, kila fungu na uzi wa rangi yake. Kigori aliutambua uzi wa zambarau. Ulikuwa wake, wa kushonea sare. Aliwahi kumpa mwenyewe, bure, alipoombwa.

"Kila mvi yako ilikuja hapa," Mama Glavu alinong'ona. "Weusi wa mtoto ulikuja kwako. Unaacha kupaka tu, unadhani inatosha? Zilitoka mwilini mwako. Zirudi mwilini mwako."

"Nifanyeje? Nijipake?"

"Uzile."

Kigori alidhani amesikia vibaya. Akatazama ule uso. Hakuwa amesikia vibaya.

"Zote," Mama Glavu alisema. "Ukibakiza moja, mtoto anabaki na moja, na hiyo moja itazaa."

Akaushika mzizi wa lile fungu la uzi wa zambarau, akavuta. Likang'oka na sauti ya nyasi zinazong'olewa kwenye tope. Akamwekea Kigori mkononi. Lilikuwa zito, lina joto.

Loo, sitaki kusema sana hapa, lakini mwenyewe alisema baadaye kwa kinywa chake, basi na mimi niseme. Lilikuwa na chumvi. Lilikuwa na mafuta ya jasho la miaka kumi na moja. Halitafuniki, linateleza, linajibana katikati ya meno, nusu iko tumboni na nusu bado inaning'inia nje ya midomo. Kila unywele ulikuwa na mzizi mnene kama punje ya mchele, na alipouma ulipasuka. Mara ya kwanza alitapika.

"Okota," Mama Glavu alinong'ona.

Akaokota. Akala tena. Machozi na kamasi vilimtiririka, naye alikuwa anawaza ule ufizi mtupu wa mtoto, anameza. Anawaza sauti inayosema mimi nazeeka, anameza. Mwisho akabaki uzi wa zambarau. Aliufuta mdomo nao.

Kiganjani mwa Mama Glavu palibaki pahali peupe, pasipo na nywele, ngozi laini ya waridi inayovuja damu kidogo. Mama Glavu alipatazama kwa muda. Akapabusu.

"Afadhali," alisema. "Palikuwa pananiwasha, sikuambii."

Kigori alishika fremu ya mlango. "Nani alikufundisha uchafu huu?"

"Hakuna anayefundishwa. Nilikuwa na mtoto wangu. Nikamtumia mtu kitana, siku moja, kwa hasira." Akaanza kuvaa glavu. "Nenda nyumbani. Na usije ukatuma kitu kwa mtu."

Kigori hakusikiliza hayo maneno ya mwisho. Alikuwa ameshafika ujiani, anatapika upepo.

Asubuhi kichwa chake kilikuwa cheupe pe! Chote, mpaka vinyweleo vya masikioni. Vipele vilikauka. Alikaa mbele ya kioo akalia kwa furaha, mikono mashavuni. Baada ya wiki mbili kisogo cha mjukuu kilianza kuwa cheusi, ngozi ikakaza, na siku moja mtoto alipanda ngazi akikimbia, akateremka, akapanda tena, ili tu bibi aone. Jino likachomoza.

Sokoni mashoga zake waliangua kicheko. "Kigori kaolewa!" mmoja akapiga kelele. "Tena na mzee!"

"Nimeolewa na akili zangu," akajibu, akatikisa kichwa chake cheupe wakione vizuri. Alizipenda mvi zile. Alizitia mafuta, akazisuka mabutu mawili ya kitoto, akatembea nazo bila mtandio. Nywele za mtoto zilizonasa kwenye kitana alizichoma kila asubuhi, bila kukosa.

Mambo yangeishia hapo.

Lakini miezi miwili baadaye, Alhamisi jioni, alikuwa anatafuta penseli kwenye mkoba wa mjukuu. Mkono ukagusa kitana. Hakikuwa kile kipya alichomnunulia. Kilikuwa cha buluu, kimezungushiwa karatasi.

"Hiki umekitoa wapi?"

"Mwalimu wangu kanipa," mtoto alisema. "Anasema nina nywele nzuri siku hizi. Nichanie wiki nzima, Ijumaa nimrudishie."

"Tangu lini?"

"Leo ndiyo wiki ya pili."

"Mwalimu wako," Kigori alisema taratibu. "Anavaa viatu gani?"

"Vya njano. Vina bizimu hapa pembeni. Vizuri, Bibi."

Kigori alizigawa haraka nywele za mtoto kisogoni. Palikuwa na mvi moja. Moja tu, inang'aa.

Niambieni nyie, mngefanya nini? Angeweza kukichoma. Angeweza kwenda shule akasema na mwalimu mkuu, achekwe. Hasira ilimpanda mpaka masikio yakapiga kelele. Alifumua mabutu yake, akashika kile kitana cha buluu, akajichana kwa nguvu, tena na tena, mpaka meno yote yakajaa mvi zake. "Unapenda nywele, sivyo?" alisema kwa meno yaliyobanana. "Haya, shika za kwangu." Akakizungushia karatasi vilevile, akakirudisha mkobani.

"Kesho mpelekee mwalimu wako," akasema. "Mwambie Bibi anamsalimu."

Wiki iliyofuata mwalimu aliingia darasani na mtandio. Wiki ya pili hakuja. Watoto walisema wamemwona kibarazani kwake, kichwa cheupe, ngozi inamning'inia, anashikwa mkono kupelekwa chooni. Kisogo cha mjukuu kilikuwa cheusi tena, safi. Kigori alipiga makofi mawili, akacheka peke yake juu ya cherehani.

Kiganja kikamwasha.

Alijikuna, akaendelea kushona. Kikamwasha tena. Akakigeuza kwenye mwanga. Katikati ya kiganja ulikuwa umechomoza unywele mmoja, mweupe, mnyoofu, mgumu. Zake zote ni za kipilipili, huu haukuwa wake. Aliubana kwa kucha akauvuta. Ulitoka na mzizi mnene kama punje ya mchele, na tundu likabaki linavuja maji ya manjano. Jioni ziliota tatu.

Siku hizi mjukuu ni mzima, anarukaruka kamba, anapata namba nzuri darasani. Asubuhi anakaa kwenye kigoda kama kawaida, na bibi yake anamsuka.

"Bibi," aliuliza juzi, "mbona unavaa glavu ukinisuka?"

"Baridi, mke mwenzangu."

"Lakini kuna joto."

"Kaa vizuri, utachelewa shule."

Mtoto aliondoka. Kigori alinyofoa nywele zilizonasa kwenye kitana, nyeusi, laini, akazifinyanga kuwa kidonge azitupe jikoni kama alivyofanya kila siku. Moto ulikuwa unawaka. Alisimama mbele yake na kile kidonge kidoleni, akakitazama kwa muda mrefu.

Mate yalimjaa mdomoni.